Mwanamke, Kizazi Chake na Moyo Wake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad S.A.W., na jamaa zake na Masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu wasomaji, jambo ninalotaka kulizungumza mwezi huu si katika mambo ambayo mwalimu wa chuoni amezoeleka kuyazungumza. Ni jambo la maradhi ya wanawake, na huenda baadhi ya wazee wenzangu wakakunja nyuso. Lakini na wakumbuke kwamba Bibi Aisha R.A. aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na Bibi Fatima binti Abi Hubaysh R.A. alimwendea Mtume S.A.W. mwenyewe akamweleza khabari ya damu yake isiyokatika, naye akamjibu waziwazi kuwa hiyo ni damu ya mshipa wala si hedhi, akamfundisha namna ya kusali. Ikiwa mambo haya yaliulizwa mbele ya mbora wa viumbe naye akayajibu, sisi ni nani hata tuyafiche, na wake zetu na binti zetu wakaumia kwa ujinga wetu?

Juu ya hayo, mimi nina sababu yangu mwenyewe ya kuandika. Nina deni, nami nataka kulilipa.

KOSA LANGU

Binti wa marehemu ndugu yangu nilimsomesha mimi mwenyewe, tangu alifu hata akakhitimu Msahafu. Aliolewa akiwa na umri wa miaka 22. Ikapita miaka mitatu, mtoto hakuja. Hedhi yake ilikuwa ikija mara moja katika miezi mitatu, pengine minne. Kidevuni pakamwota ndevu chache, akawa akizing'oa kwa siri kila alfajiri kabla mumewe hajaamka. Mavyaa wake akasema huyu ana jini, basi wakamleta kwangu.

Nikamwandikia kombe kwa zafarani, nikamsomea, nikamwambia asubiri. Akarudi mara ya pili na ya tatu, nami nikafanya yale yale. Sijutii kumsomea, kwani Kurani ni shifaa na dua ni silaha ya Muislamu. Ninalojutia ni kuwa nilikomea hapo. Katika miaka yote ile sikumwambia hata siku moja, "Mwanangu, nenda ukaonane na daktari."

Mwaka 2023, alipofika umri wa miaka 31, akaanza kusikia kiu nyingi na kizunguzungu. Mumewe alikuwa safarini, basi nikampeleka mimi hospitali. Akapimwa, ikaonekana sukari yake imepanda kupita kiasi, shinikizo la damu limeanza kupanda, na mafuta katika damu yamezidi. Daktari, naye alikuwa mwanamke, akamuuliza, "Hedhi yako huja vipi?" Yule mtoto akanitazama mimi, akainamisha kichwa. Nikatoka nje ili aweze kusema. Nilipoitwa ndani, daktari akaniambia, "Maalim, haya si maradhi mapya. Amekuwa nayo tangu usichana wake, ila hapana aliyemuuliza."

Neno lile lilinichoma. Tangu siku hiyo nikawa nikiuliza na kusomewa khabari za maradhi haya, na haya ndiyo niliyoyapata.

MARADHI YENYEWE

Mwaka 1935, huko Chicago, Marekani, matabibu wawili, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika khabari za wanawake saba ambao hedhi zao hazikuwa zikija ipasavyo, na ovari zao zimejaa vijifuko vidogo vidogo. Ovari ni vile viungo viwili vya mayai ya uzazi, kimoja kuumeni na kimoja kushotoni mwa tumbo la uzazi. Kwa desturi, kila mwezi yai moja hupevuka na kutoka. Katika maradhi haya mayai huanza kukua, kisha yakasita njiani. Hayo yaliyosita ndiyo yaonekanayo katika picha ya ultrasaundi kama vijifuko vingi. Kwa hiyo si uvimbe wa kutisha, wala si saratani.

Wala haya si maradhi ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kuwa katika kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, baina ya 8 na 13 wanayo, na kwamba katika walio nayo, hata 70 katika 100 hawajui kuwa wanayo. Basi katika msikiti wenye wanawake 100 wa umri huo nyuma ya pazia, huenda kumi wanayo, na saba katika hao kumi hawajaambiwa.

Matabibu waliokutana Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003 walikubaliana juu ya alama tatu. Ya kwanza ni hedhi isiyokuwa na mpango. Ya pili ni kuzidi kwa homoni za kiume, ambako huonekana kwa nywele za kidevuni na kifuani, au chunusi nyingi, au kwa kupimwa damu. Ya tatu ni ovari zenye vijifuko vingi. Mwanamke mzima akiwa na mbili katika hizo tatu, na ikathibitika kuwa hana maradhi mengine yanayofanana na haya, basi ndiyo hayo. Kwa binti ambaye haijatimia miaka 8 tangu alipovunja ungo, picha ya ovari haitumiwi, kwani vijifuko kama hivyo huonekana kwa wasichana wengi wazima. Kwake yeye hutakiwa alama mbili za kwanza zipatikane pamoja.

KWA NINI MOYO UNAINGIA HAPA

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kama nilivyokosea mimi. Tunadhani maradhi haya yanakaa tumboni tu, na kwamba mwanamke akishapata mtoto, au akishakata tamaa ya kupata, yamekwisha. Sivyo.

Mwilini mwetu mna kiungo kiitwacho kongosho, nacho hutoa homoni ya insulini. Kazi ya insulini ni kuifungulia sukari ya damu milango iingie katika nyama za mwili. Kwa wanawake wengi wenye maradhi haya mwili huwa kama kiziwi: insulini yabisha hodi, mlango haufunguliwi upesi. Kongosho nalo huzidi kupeleka insulini. Insulini hiyo iliyozidi huziamrisha ovari kutengeneza homoni za kiume kwa wingi, na homoni hizo ndizo zinazoota ndevu na kuzuia yai lisipevuke. Kongosho likichoka, sukari hupanda, nao ndio mlango wa kisukari. Na ini nalo hutoa mafuta mengi katika damu.

Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya vipimo vya wanawake wengi. Wenye maradhi haya walipolinganishwa na wasio nayo, mafuta yaitwayo trigliseridi yalikuwa juu kwa kiasi cha miligramu 26 katika kila desilita ya damu. Kolesteroli mbaya, iitwayo LDL, ilikuwa juu kwa 12. Na kolesteroli nzuri, iitwayo HDL, ilikuwa chini kwa 6. LDL ndiyo inayoganda katika kuta za mishipa, mwaka baada ya mwaka, hata mshipa wa moyo ukaziba.

Sisemi haya ili kuwatia watu hofu. Msichana wa miaka 25 mwenye maradhi haya, khatari yake ya kupatwa na moyo leo ni ndogo. Lakini ameanza kutembea katika njia hiyo mapema kuliko wenzake. Kwa ajili hiyo mwongozo wa matabibu wa mataifa mengi uliotolewa mwaka 2023 umeagiza kwamba kila mwanamke anayeonekana kuwa na maradhi haya apimwe mafuta ya damu na sukari tangu mwanzo, sukari irudiwe baada ya kila mwaka mmoja hata mitatu, na shinikizo la damu lipimwe kila mwaka. Wembamba nao si kinga: wamo wanawake wembamba walio na maradhi haya.

DAWA YA KUPUNGUZA MAFUTA

Dawa mashuhuri za kupunguza kolesteroli huitwa statini. Asili yake ni ukungu, ule ule uotao juu ya vyakula vilivyooza. Mjapani mmoja, Akira Endo, alipima maelfu ya aina za ukungu na vimelea, na mwaka 1973 akapata katika ukungu mmoja kitu kinachozuia ini lisitengeneze kolesteroli. Mwaka 1987 statini ya kwanza ikaruhusiwa kutumiwa Marekani. Bwana Endo amefariki mwaka 2024, na hesabu ya watu waliotumia dawa zilizotokana na kazi yake ni mamilioni kwa mamilioni. Utakatifu ni wa Mola aliyeweka manufaa katika kitu ambacho sisi tukikiona katika mkate tunautupa.

Ini likizuiwa kutengeneza kolesteroli, huivuta ile iliyomo katika damu, na LDL hushuka. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa la nchi za Skandinavia, la wagonjwa wa moyo 4,444. Nusu walipewa simvastatini, na nusu vidonge visivyokuwa na dawa. Baada ya miaka mitano na zaidi, katika wasiopewa dawa walikufa 256, na katika waliopewa walikufa 182. Tangu hapo shaka juu ya faida yake kwa wagonjwa wa moyo iliondoka.

JE, YAWAFAA WENYE MARADHI HAYA?

Matabibu walifikiri hivi: homoni za kiume hutengenezwa kutokana na kolesteroli, basi huenda dawa inayozuia kolesteroli ikapunguza na homoni hizo, na mwanamke akapata faida mbili kwa kidonge kimoja. Wakajaribu.

Katika mji wa Poznań, Poland, wanawake 136 waligawanywa mafungu matatu kwa muda wa miezi mitatu: fungu moja likapewa simvastatini, la pili metformini, ambayo ni dawa ya kisukari, na la tatu zote mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Homoni ya kiume ilishuka katika mafungu yote matatu, lakini LDL ilishuka kwa wale tu waliotumia statini. Mwaka huo huo, mjini Hull, Uingereza, wanawake 40 walijaribiwa kwa majuma 12: waliopewa atorvastatini walishuka LDL na homoni ya kiume, kuliko wale waliopewa kidonge kitupu.

Khabari hizo ni njema. Lakini mwenye akili haishii katika nusu ya khabari. Mwaka 2011 wachunguzi walikusanya majaribio manne yenye wanawake 244. Wakaona kuwa ni kweli, mafuta hushuka na homoni ya kiume hushuka katika vipimo vya damu. Lakini hawakuona ushahidi mzuri kwamba hedhi hutengenea, au yai hupevuka, au nywele na chunusi hupungua. Na majaribio haya yote yalikuwa mafupi na ya watu wachache, hayakuweza kuonyesha kama wanawake hao wataepukana na ugonjwa wa moyo watakapofika miaka 50 au 60.

Tena liko jambo jengine. Mwaka 2010 yalikusanywa majaribio 13 ya statini yenye watu 91,140, ikaonekana kuwa wanaotumia dawa hizi huzidi kidogo kupatwa na kisukari, kwa 9 katika 100 kuliko wasiotumia. Maana yake, wakitibiwa watu 255 kwa miaka minne, huzidi mgonjwa mmoja wa kisukari. Kwa mzee mwenye moyo mgonjwa, faida hushinda dhara hilo kwa mbali. Lakini mwanamke kijana ambaye mwili wake umekwisha kuwa mzito kuitii insulini, na moyo wake bado mzima, hapana budi apimiwe mizani yake kwa uangalifu.

Basi hukumu ya jambo hili ni hii: statini ni dawa ya kulinda moyo na mishipa kwa yule ambaye daktari ameona mafuta yake yamezidi, au ana kisukari, au khatari nyingine zimekusanyika. Si dawa ya kuleta mtoto, wala si dawa ya kuondoa ndevu.

VIDONGE VYA SHOGA

Nasema hivyo kwa msisitizo kwa sababu ya jambo lililotokea siku ile ile hospitali. Daktari alimuuliza binti yetu kama anatumia dawa yo yote. Akasema ndiyo, shoga yake amempa vidonge vya mumewe, vya mafuta, kwa kuwa amesikia kuwa vinapunguza homoni za kiume. Alikuwa akivimeza kwa majuma matatu, wala hakumwambia mtu.

Daktari akamuuliza, "Unataka mtoto?"

Akajibu kwa sauti ndogo, "Namuomba Mungu usiku na mchana."

"Basi viweke chini," daktari akasema. "Ukivimeza huku unatafuta mimba, huenda ikaingia nawe hujui."

Akatueleza kuwa kolesteroli, hiyo tunayoiogopa, ndiyo inayojenga mwili wa mtoto tumboni. Mwaka 2021 idara ya Marekani inayosimamia dawa ililegeza katazo lake la zamani kwa ajili ya wagonjwa wachache wenye khatari kubwa sana, lakini ikashauri kuwa walio wengi waache statini wakijua wana mimba, na kwamba mama anayenyonyesha asiitumie. Anayetaka mtoto zipo dawa nyingine za kulipevusha yai, kama letrozoli, naye huongozwa na daktari wa kizazi.

MASUALA YANAYOULIZWA

Je, mwenye kutumia statini aweza kufunga Ramadhani? Mara nyingi dawa hii ni kidonge kimoja kwa siku. Simvastatini humezwa jioni au usiku, na atorvastatini saa yo yote, basi huwekwa baada ya futari. Lakini mwenye kutumia metformini au dawa nyingine za sukari amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, amgeuzie vipimo. Akiambiwa kufunga kutamdhuru, dini imempa rukhsa, wala asione haya kuitumia.

Ni dalili gani za kuangaliwa? Maumivu makali ya nyama za mwili bila ya sababu, na mkojo wa rangi ya chai. Hayo yakitokea, daktari aambiwe mara moja. Na anayetumia simvastatini asinywe maji ya balungi, kwani huizidisha nguvu dawa katika damu. Baadhi ya dawa za kuua vijidudu nazo hufanya hivyo, basi kila daktari umwendeaye mwambie unachotumia.

Hedhi isipokuja kwa miezi mingi, yafaa kungoja tu? Haifai. Ngozi ya ndani ya tumbo la uzazi huzidi kuwa nene, na mwisho wake huweza kuwa saratani. Zipo dawa za kuiregeza hedhi katika mpango. Na mwanamke ambaye damu yake haikatiki, na amuulize daktari khabari ya mwili wake, na mwanachuoni khabari ya sala yake. Hapana moja linalotosheleza jengine.

TIBA INAYOANZA JIKONI

Kabla ya kidonge cho chote, matabibu huanza na chakula na mwendo. Mwenye unene akipungua hata sehemu 5 katika 100 za uzito wake, basi mwenye kilo 80 akipungua kilo 4, insulini na mafuta huanza kutengenea, na pengine hedhi ikarudi. Hutakiwa dakika 150 za mwendo wa haraka kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano.

Tuseme kweli: sisi watu wa pwani twapenda tui zito, samli, mandazi, na chai iliyojaa sukari. Tui na samli huipandisha LDL. Sisemi viharimishwe vilivyo halali. Nasema viwe vya siku moja moja, na siku nyingine tule samaki, kunde, mchicha na matunda. Na wala asipikiwe mgonjwa peke yake kama aliyetiwa adabuni. Nyumba nzima na ile chungu kimoja.

Enyi waume, mke asipozaa msikimbilie kumlaumu, wala kuleta mke wa pili kwa hasira kabla ya ninyi wenyewe kupimwa, kwani upungufu huwa upande wa mume pia. Kuzaa ni amri ya Mwenyezi Mungu. Humpa amtakaye na humnyima amtakaye, na Nabii Zakariya A.S. alikuwa mzee naye bado anaomba. Enyi akina mama, binti yenu akipitiwa na miezi mitatu bila ya hedhi, ungo wake ukiwa umetimiza mwaka mmoja, mpelekeni akapimwe. Nanyi mabinti, nywele za kidevuni si laana wala si aibu yenu. Ni alama, na alama huwekwa ili isomwe.

Mwenzangu mwalimu, endelea kusoma dua. Lakini usimwache mtu aondoke kwako na kombe peke yake. Yule bedui aliambiwa na Mtume S.A.W. amfunge ngamia wake ndipo atawakali.

Binti yetu mpaka leo Mwenyezi Mungu hajamruzuku mtoto. Lakini sukari yake imeshuka, shinikizo la damu limetulia, na hedhi yake yaja karibu kila mwezi. Mafuta yake yamepungua kwa mwendo na chakula, na daktari amesema statini ingoje kwanza. Kila siku baada ya sala ya alfajiri hutoka kutembea nusu saa, na anayefuatana naye ni yule yule mavyaa wake aliyesema ana jini. Juma lililopita nilikutana nao njiani. Mavyaa akaniambia, "Maalim, kumbe hata mimi mafuta yangu yamezidi."

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awaruzuku wenye kuomba kizazi chema, na atusamehe yale tuliyoyanyamazia. Wabillahi tawfiq.